Pikapu za kubadilisha kwenye gitaa la umeme: koili moja, P-90, hambaka au za betri?

Wengi wanaosaka pikapu mpya (kile kifaa cha sumaku na koili ya waya kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa ishara ya umeme) hawajawahi kugusa skrubu zinazoinua na kushusha zile walizo nazo. Anza hapo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, kisha pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya upande wa chini wa uzi na kichwa cha sumaku. Rudia kwa uzi mwembamba. Hambaka ya kawaida, yaani pikapu yenye koili mbili, huanzia milimita 1.6 kwenye briji na 2.4 shingoni. Kwa pikapu za kawaida za gitaa lake la Stratocaster, kampuni ya Fender hupendekeza takriban milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.6 upande wa uzi mwembamba; kwa pikapu zake za Texas Special hutaka nafasi kubwa zaidi, 3.2 na 2.4. Sumaku ikikaribia mno, uzi wa E mnene ukipigwa juu ya freti ya 12 huyumba kana kwamba noti mbili zinagombea nafasi moja, na hata utyuni mara ngapi hautulii. Ikiwa mbali mno, gitaa hupoa na kusikika kama linapigwa chumba cha pili.

Weka nyuzi mpya, rekebisha urefu huo, piga siku mbili tatu. Lalamiko likibaki, hapo ndipo ulinganisho huu unapoanza kuwa na kazi.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi

Kitu cha kwanza utakachotajiwa ni kiloomu. Hii ina 8, ile ina 16, basi ile ya 16 ina nguvu maradufu. Sivyo. Kiloomu hupima ukinzani wa waya, yaani urefu wake na wembamba wake, na si zaidi. Waya namba 42, unaotumika kwenye pikapu nyingi za mtindo wa zamani, una unene wa milimita 0.063. Namba 43 una 0.056, na namba 44 una 0.05. Funga mizunguko ileile kwa waya mwembamba zaidi na kiloomu zitapanda bila sauti kuongezeka hata kidogo. Pikapu ya shingoni ya Telecaster, gitaa jingine la Fender, ni mfano mzuri: hufungwa kwa waya namba 43, husoma kiloomu 7 na ushee, lakini ni pole kuliko ya Stratocaster inayosoma 6.

Kinachoeleza zaidi ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Indaktansi ya koili ikikutana na kapasitansi ya kebo, huzaliwa kilele: masafa fulani hunyanyuliwa, na yote yaliyo juu yake huporomoka. Kilele kikikaa juu, tunasema gitaa linang'aa. Kikikaa katikati, tunasema linaimbia puani. Kikishuka zaidi, tunasema limefunikwa blanketi. Chukua kebo ya mita 5 yenye pikofaradi 100 kwa kila mita, ongeza pikofaradi 100 za koili yenyewe, upate 600. Hesabu inatoka hivi:

- Koili moja ya Stratocaster, henri 2.4 hivi: kilele kiko karibu na hezi 4,200.
- Hambaka ya mtindo wa PAF (zile za zamani za Gibson), henri 4.4 hivi: hezi 3,100.
- Hambaka kali kama JB ya kampuni ya Seymour Duncan, henri 8.4 hivi: hezi 2,240.

Pengo kati ya ya kwanza na ya tatu ni karibu oktavu nzima, na hilo ndilo unalolisikia. Tofauti ya kiloomu ni alama yake tu. Sasa fupisha kebo iwe mita 3. Stratocaster inaruka hadi hezi 5,100, na ile kali inapanda hadi 2,750. Kwa hiyo mwenye kebo ya mita 9 anayelalamika kwamba pikapu zake hazina mng'ao angefanya vyema kununua kebo kwanza. Kama kuna pedali yenye bafa (saketi inayoitenganisha pikapu na kebo zinazofuata) mwanzoni mwa mnyororo, ni kebo ya kutoka gitaa hadi pedali hiyo tu inayohesabika. Urefu wa zinazofuata haugusi tena kilele cha pikapu.

Mtengenezaji akitoa namba ya henri, ishike hiyo. Asipoitoa, linganisha kiloomu za pikapu za aina moja tu: hambaka kwa hambaka, zenye waya wa namba ileile.

Koili moja

Hapa sumaku zenyewe ndizo vijiti sita unavyoviona juu, na waya umezungushwa moja kwa moja kuvizunguka. Stratocaster ilitoka mwaka 1954 ikiwa na pikapu tatu za namna hii, mizunguko kati ya 7,500 na 8,500 hivi. Mlio wake ni wa haraka: unasikia ncha ya kucha ikigusa uzi kabla ya noti yenyewe. Gharama yake ni mvumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50 au 60 kutegemea nchi, kwa sababu koili moja haina mwenzake wa kuufuta.

Ndani ya ukoo huu tofauti kubwa hutokana na mizunguko na unene wa sumaku. SSL-1 ya Seymour Duncan ina kiloomu 6.5 hivi na alniko 5 (sumaku ya aloi ya alumini, nikeli na kobalti). Ni sauti ya zamani isiyo na siri, na ukicheza vibaya inakuanika. SSL-5 hupanda hadi karibu 13 kwa umbo lilelile. Ikiwekwa kwenye briji, inaondoa ule ukali wa kutoboa sikio na kuongeza nyama ya katikati, lakini nafasi ya pili ya swichi, ya briji pamoja na ya kati, inapoteza ule mlio mwembamba wa kioo. Quarter Pound ina vijiti vya sumaku vya inchi robo, yaani milimita 6.35, badala ya 4.8 za kawaida. Ni kali zaidi, ina besi zaidi, na husahau haraka kwamba ni Stratocaster. Mpangilio wenye busara kwa wengi ni SSL-5 kwenye briji na SSL-1 katikati na shingoni. Kuweka tatu kali ni kulipia hambaka bila kupata ukimya wake.

Pikapu ya briji ya Telecaster ni ndugu mwenye tabia zake. Ina bamba la chuma chini yake, na bamba hilo huongeza indaktansi na kubadili namna uga wa sumaku unavyoukuta uzi. Ukinunua ya kubadilisha isiyo na bamba, usishangae ule mlio wa "ting'" kupungua. Angalia pia waya wa ethi: kwenye Telecaster bamba hilo ndilo linaloziunganisha nyuzi na ethi kupitia skrubu zake, kwa hiyo bila bamba lazima uvute waya mwingine hadi kwenye briji.

Mvumo ukikusumbua, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha pikapu ya kati imefungwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Hapo nafasi ya 2 na ya 4 za swichi hufuta mvumo bure. Ya pili ni pikapu zenye koili mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, kama Area za DiMarzio au Noiseless za Fender. Zimeboreka sana, na jukwaani hakuna atakayezitambua. Nyumbani, kwa sauti safi na amplifaya nzuri, utasikia kwamba ile hewa ya juu kabisa imekatwa kidogo. Karatasi ya shaba ndani ya mwili wa gitaa husaidia dhidi ya mikwaruzo ya taa na dima, lakini haigusi mvumo unaotoka kwenye transfoma, maana huo ni wa sumaku, nao hupita kwenye shaba nyembamba kama hakuna kitu.

P-90

Gibson iliitoa mwaka 1946. Ni koili moja pana yenye mizunguko kama 10,000 ya waya namba 42, na sumaku mbili za bapa zimelala chini, zikigusa skrubu sita zinazopokea uzi. Upana huo hufanya isikilize sehemu ndefu zaidi ya uzi, ndiyo maana katikati yake imejaa na inakoroma ukisukuma amplifaya. Inavuma kama koili moja nyingine yoyote, na pengine zaidi, kwa kuwa ina mizunguko mingi zaidi ya kunasa mvumo huo.

Kinachowapata wanunuzi ni umbo. Ipo yenye masikio mawili ya pembeni ambamo skrubu hupita, na ipo ya mstatili kama mche wa sabuni, ambayo skrubu zake hupita katikati ya koili. Hakuna inayoingia kwenye tundu la hambaka bila patasi. Ukitaka sauti hii kwenye gitaa la hambaka, tafuta iliyotengenezwa kwa kipimo hicho, kama Phat Cat ya Seymour Duncan, ambayo ina sumaku mbili za alniko 2 chini ya kifuniko cha hambaka. Inafanana na P-90 vya kutosha, ingawa mkoromo ni wa adabu zaidi.

Hambaka za mtindo wa zamani

Seth Lover aliibuni akiwa Gibson mwaka 1955, na magitaa yenye hambaka hizo yakaingia sokoni 1957. Jina PAF lilitokana na kibandiko cha chini kilichosema kwamba ombi la hataza limeshawasilishwa. Koili mbili, moja imefungwa kinyume cha nyingine na sumaku ikiwa imegeuzwa: mvumo unafutana, sauti ya uzi inajumlishwa. Siku zile mashine zilisimamishwa kwa makadirio na sumaku ziliwekwa zilizokuwepo, kwa hiyo PAF mbili za mwaka mmoja huweza kutofautiana, takriban kiloomu 7 hadi 9. Anayekuuzia "sauti kamili ya PAF" anakuuzia moja kati ya nyingi.

Zilinganishe hivi. SH-1 ya Seymour Duncan, inayoitwa '59, ina alniko 5 na kiloomu 8.1 hivi kwenye briji. Chini na juu zinasikika wazi, katikati imezama kidogo, na kodi ya muziki yenye noti tano inabaki noti tano. Pearly Gates iko kwenye kiloomu 8.3, karibu sawa kabisa, ila ina alniko 2: besi yake ni laini, katikati ya juu imechomoza, na inauma zaidi kuliko namba yake inavyoonyesha. '57 Classic ya Gibson ina koili mbili zilizolingana na alniko 2. Ni ya mviringo, mtulivu, inafaa jazi na bluzi. BurstBucker ya 1, 2 na 3 zina koili zisizolingana makusudi, ili masafa ya juu yasifutane yote, na hapo hupatikana ule ukali wa nchani.

BurstBucker hizo tatu hazikuzamishwa kwenye nta. Koili isiyo na nta hutetemeka yenyewe mbele ya spika, na ukiongeza distosheni unapata mluzi mkali usiohusiana na uzi uliopiga. Jaribio ni rahisi: zima nyuzi zote kwa kiganja na ugonge kifuniko kwa ukucha. Ukisikia "to, to" kubwa kwenye spika, pikapu hiyo si ya kusimama nayo mita moja mbele ya amplifaya iliyofunguliwa. Kwa sauti safi au mkwaruzo mdogo, kutokuwa na nta ni sehemu ya uhai wake.

Hambaka kali

DiMarzio Super Distortion ya mwaka 1972 ndiyo iliyofungua biashara yote hii ya pikapu za kubadilisha. Lengo lake lilikuwa kuisukuma mbele amplifaya ya taa (vali) isiyo na distosheni ya kutosha. Amplifaya nyingi za sasa zina distosheni kuliko mtu anavyohitaji, kwa hiyo sababu ya kununua pikapu kali leo ni umbo la katikati na uzito wa noti. Kwa nguvu tupu, kuna kitufe cha geini.

| Pikapu ya briji | Sumaku | Kiloomu, takriban | Tabia |
|---|---|---|---|
| '59 | alniko 5 | 8.1 | wazi, katikati imezama kidogo |
| Pearly Gates | alniko 2 | 8.3 | katikati ya juu imechomoza, besi laini |
| Super Distortion | kauri | 13.7 | nene, katikati imejaa, besi thabiti |
| Duncan Custom | kauri | 14 | imebana, juu ina makali |
| JB | alniko 5 | 16.4 | katikati ya juu inapiga kelele, besi si ya kubana |
| Tone Zone | alniko 5 | 17.3 | besi na katikati ya chini nyingi sana |
| EMG 81 (ya betri) | kauri | haipimiki kwa njia hii | kali, fupi, kimya |

JB ndiyo inayopendwa na kuchukiwa kuliko zote. Kwenye gitaa zito la mahogani inaipa solo sauti ya binadamu anayeita. Kwenye gitaa jepesi lenye briji ya tremolo, hilohilo la katikati ya juu hugeuka msumeno. Kabla ya kuiuza, badilisha poti ya sauti (kinzani kinachozungushwa na kitufe) iwe ya kiloomu 250 badala ya 500. Ncha inakatwa, na pikapu nyingi za JB zilizotupwa zingebaki kama mwenye nazo angejaribu hilo.

Tone Zone ni kinyume chake: ni dawa ya gitaa jembamba, linalolia kama kopo. Ukiiweka kwenye gitaa ambalo tayari ni zito, mdundo wa nyuzi za chini unageuka uji.

Sumaku peke yake inabadilisha nini?

Mara chache mnunuzi hupata nafasi ya kusikia kitu kimoja kikibadilika huku vingine vimesimama. Seymour Duncan imetoa nafasi hiyo bila kuitangaza sana. Custom, SH-5, ina sumaku ya kauri. Custom 5, SH-14, ina koili hizohizo na alniko 5. Custom Custom, SH-11, ni koili hizohizo tena, na alniko 2. Ya kauri imebana chini, ncha ya juu ni ya wembe, na noti inaanza kama mlango uliofungwa kwa nguvu. Ya alniko 5 inashusha katikati na kufungua besi. Ni kama '59 iliyokula vizuri. Ya alniko 2 inalegea: besi inatandaza, juu inazunguka, katikati inasogea mbele, na ukipiga kwa nguvu inasitasita kidogo kabla ya kufunguka.

Kwa hiyo ukiipenda pikapu yako ila ni kali mno au laini mno, nunua kipande cha sumaku badala ya pikapu nzima. Cha kawaida kina milimita 63.5 kwa 12.7 kwa 3.2, lakini baadhi ya vya kauri ni vinene zaidi, basi pima kabla ya kuagiza. Legeza skrubu nne za chini bila kuzitoa kabisa. Kabla sumaku haijatoka, weka dira upande wake mmoja na uandike ni ncha gani inavutwa. Isukume itoke kwa kijiti cha mbao. Bisibisi ya chuma ikiteleza inakata waya wa koili, na waya huo ni mwembamba kuliko unywele. Ingiza mpya ikielekea vilevile. Ukiigeuza, pikapu hiyo peke yake italia sawa, ila ukiichanganya na ya shingoni sauti itakonda na besi kutoweka.

Za betri

EMG 81 na 85 zina koili zenye mizunguko michache na kikuza sauti kidogo ndani ya plastiki yenyewe, kinachoendeshwa na betri ya volti 9. Kwa kuwa kikuza hicho ndicho kinachoongea na kebo, ile hesabu ya kilele haikuhusu: kebo ya mita 3 na ya mita 10 zinasikika karibu sawa. Mvumo haupo. Sumaku huvuta kidogo, kwa hiyo unaweza kuziweka karibu sana na nyuzi. 81, yenye kauri, huwekwa kwenye briji kwa ridhimu ya kukata. 85, yenye alniko 5, ni nene na hukaa shingoni vizuri. Wapo wanaozigeuza, 85 kwenye briji, na kwa wasiopiga metali mpangilio huo una ubinadamu zaidi.

Kasoro yao ni hiyohiyo sifa yao. Zinafanya magitaa tofauti yafanane, na mkono ukipunguza nguvu sauti haipungui kwa uzuri uleule wa PAF. Fishman Fluence, zilizoanza kuuzwa 2014, zimejibu sehemu ya lalamiko hilo: badala ya waya uliozungushwa zina tabaka za saketi iliyochapishwa, na kila pikapu ina sauti mbili za kuchagua kwa swichi. Ila hula betri haraka kuliko EMG.

Za betri zinataka poti za kiloomu 25. Ndiyo maana kuchanganya EMG kwenye briji na pikapu ya kawaida shingoni kwa poti hizohizo hakufai: ya kawaida inazimwa ikawa kama imefungwa kitambaa. Hakikisha pia kuna mahali pa betri, zaidi kidogo ya milimita 48 kwa 26 kwa 17, kabla hujanunua. Jeki iwe ya stereo, kwa sababu plagi ya kebo ndiyo swichi ya betri. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri inafanya kazi usiku kucha.

Kwa lalamiko gani, ipi?

Briji inatoboa masikio: ongeza henri au laini sumaku. Pearly Gates haitakuponya, kwa sababu ukali wake uko palepale. Custom Custom au SSL-5 itakuponya.

Shingo inavuruga, solo haieleweki: shuka, usipande. Watu hununua kali ya shingoni ili ilingane na ya briji, halafu wanashangaa. Uzi unatikisika kwa upana zaidi shingoni, kwa hiyo pikapu pole hapo inatosha kabisa. SH-2 Jazz, kiloomu 7.7 na alniko 5, ni mwenzi wa JB kwa sababu hiyohiyo.

Distosheni inafumuka kwenye nyuzi za chini: kauri, au punguza besi kabla ya pedali ya distosheni. Cha pili ni bure.

Sauti safi haina uhai, ukipunguza kitufe inazidi kufa: hambaka yoyote ya kiloomu 7.5 hadi 8.5, poti za 500, na kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.022. Kwa koili moja, poti za 250 na 0.047. Gitaa lenye hambaka kwenye briji na koili moja mbili huleta ugomvi wa poti. Weka ya 500, kisha kwenye njia ya koili moja lehemu rezista ya kiloomu 470 kutoka waya wa ishara hadi ethi, upande wa swichi unaotumika na koili moja tu. Zikiunganishwa, 470 na 500 zinasomeka 242, karibu kabisa na 250.

Unataka hambaka ndani ya tundu la koili moja: Hot Rails ya Seymour Duncan ina koili mbili nyembamba zenye mabapa badala ya vijiti, sumaku ya kauri, karibu kiloomu 16.5. Ni kali kiasi kwamba ukirudi kwenye pikapu ya kati sauti inadidimia. Little '59 ni pole kuliko hiyo na inapatana vizuri zaidi na majirani.

Kufunga, na yanayoharibika

Pima kwanza umbali kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi ya sita, yaani vile vijiti au skrubu vilivyo chini ya nyuzi. Hambaka ya kawaida ina milimita 49 hivi. Briji za Fender na za tremolo hutaka 51 hadi 53. Ikiwa finyu, uzi wa E mwembamba unapita nje ya nguzo. Kupungua kwa sauti ni kidogo, lakini kwenye pikapu zenye vijiti vikali unaisikia ukipinda uzi.

Piga picha ya nyaya za zamani kabla ya kukata chochote. Kwenye Seymour Duncan nyeusi ni ishara, nyeupe na nyekundu huunganishwa pamoja na kufunikwa, kijani na waya mtupu huenda ethi. Kwenye DiMarzio nyekundu ndiyo ishara, nyeusi na nyeupe huungana, kijani na mtupu ni ethi. Atakayefuata rangi za kampuni moja kwenye pikapu ya nyingine atapata koili moja iliyozimwa au hambaka inayojifuta yenyewe.

Ukichanganya kampuni mbili, pima mwelekeo kabla ya kulehemu. Weka multimita kwenye kiloomu 20, unganisha ishara na ethi ya pikapu ya kwanza, gusa nguzo kwa bisibisi kisha uivute ghafla. Namba itapanda au kushuka kwa kitambo. Rudia kwa ya pili. Zikienda kinyume, badilisha ishara na ethi kwenye moja, ila uache waya mtupu kwenye ethi. Pikapu yenye kifuniko cha chuma kilicholehemiwa kwenye waya mmojawapo haibadilishwi hivyo. Kifuniko kitageuka antena.

Tumia pasi ya lehemu ya wati 40 hivi na risasi ya 60/40. Kwenye ncha za poti sekunde tatu zinatosha. Mgongo wa poti hutaka joto zaidi: ukwaruze kwanza kwa msasa, kwani risasi iliyokaa kama tone la umande juu ya chuma haijashika, nayo itakuletea mikwaruzo baada ya wiki. Nyuzinyuzi za waya mtupu zikigusa ncha ya ishara, gitaa linakuwa bubu. Zivishe mpira wa plastiki.

Kabla ya kurudisha kifuniko, chomeka kebo kwenye jeki, fungua sauti yote, na upime kwenye plagi. Hambaka ya kiloomu 8 kupitia poti ya 500 itasoma 7.87, na koili moja ya 6.5 kupitia 250 itasoma 6.34. Ukisoma sifuri, ishara imegusa ethi mahali. Ukisoma namba ya poti yenyewe, 500 au 250, waya wa pikapu haujafika. Ukisoma nusu ya uliyotarajia, ile nyeupe na mwenzake zimegusa ethi, nawe unapiga kwa koili moja tu.